Wati zinavuka mpaka, daftari linabaki kwa nani?

Jumapili ya Septemba 28, 2025, Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio za wanaume mjini Kigali, baada ya kilomita 267.5 za kupanda na kushuka vilima ambavyo wakazi wa mji huo huvipanda kila siku wakiwa na ndizi, magunia na maji mgongoni mwa baiskeli. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani kufanyika Afrika, na kwa wiki nzima Rwanda ilikuwa ndiyo habari ya michezo katika ukanda huu.

Siku mbili baadaye, Jumanne ya Septemba 30, jambo jingine lilitokea katika mahakama ya shirikisho huko Colorado, Marekani. Kampuni ya Strava, yenye programu ambayo mamilioni ya wakimbiaji na wapanda baiskeli huweka humo kumbukumbu za mazoezi yao, iliishtaki Garmin, kampuni inayotengeneza saa na kompyuta ndogo za baiskeli. Strava ilidai Garmin imetumia uvumbuzi wake bila haki. Garmin nayo ilikuwa imeweka sharti kwamba kuanzia Novemba 1 jina lake lionekane popote zinapooneshwa takwimu zilizotoka kwenye vifaa vyake. Kabla Oktoba haijaisha, Strava iliiondoa kesi hiyo yenyewe.

Kwa wengi wanaofuata baiskeli, ule ulikuwa ugomvi wa matajiri wawili wa ng'ambo. Lakini mtu anayeleta baiskeli na vipuri kutoka bandarini, akauza Arusha, Kampala, Kigali au Bujumbura, angepaswa kuutazama mara mbili. Kampuni hizo mbili zilikuwa zinagombea kitu ambacho hakuna hata moja kati yao iliyokitoa jasho. Kilichotoa jasho ni miguu ya mteja. Na kijana wa hapa anayetaka kuonekana na timu za nje, tarakimu za miguu yake ndiyo mali pekee anayoweza kuituma ng'ambo bila nauli.

Tarakimu hizo hutoka kwenye kipima wati. Hiki ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye krenki, kwenye pedali au ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Ndani yake kuna vipande vinavyohisi chuma kikipinda kidogo sana kila mguu unaposukuma. Nguvu ya msukumo ikizidishwa kwa kasi ya mzunguko inatoa wati, na hesabu hiyo huandikwa karibu kila sekunde. Mhandisi Mjerumani Ulrich Schoberer alianza kazi hiyo mwaka 1986 kwa chapa ya SRM, na kwa miaka mingi kifaa kilikuwa cha matajiri na timu za taifa. Siku hizi bei imeshuka, ingawa bado ni mamia ya dola. Cha upande mmoja, kinachopima mguu wa kushoto kisha kuzidisha mara mbili, ni nafuu. Cha pedali zote mbili kinaweza kuzidi bei ya baiskeli yenyewe.

Kwa mfanyabiashara, kipima wati ni mizani na programu ya kuchambua ni daftari. Mizani inasema mzigo una kilo ngapi sasa hivi. Daftari ndilo linalosema mwezi uliopita ulikuwaje, bei imepanda au imeshuka, na kama mtu huyu ni wa kukopeshwa. Wanunuzi wengi humaliza fedha zote kwenye mizani, kisha wanachukua daftari lolote wanalopewa bure pale dukani. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Karatasi ya faksi

Thamani ya daftari inaonekana vizuri katika habari ya Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kujifunza mbio akiwa na David Kinjah na vijana wake kule Kikuyu. Julai 2015, Froome akiwa njiani kushinda Tour de France kwa mara ya pili, timu yake ya Sky ilisema inaamini kumbukumbu zake za mazoezi zimedukuliwa. Mitandaoni ilizunguka video iliyoonesha wati zake za Mont Ventoux mwaka 2013, na waliomshuku kutumia dawa walizisoma wati hizo kama ushahidi.

Froome aliingia maabara London mwezi uliofuata. Matokeo yalitangazwa mwisho wa mwaka: wati 419 za kiwango anachoweza kukishikilia kwa muda mrefu, akiwa na kilo 69.9. Hizo ni karibu wati 6 kwa kila kilo ya mwili. Swali likabaki: je, nguvu hizo alizipata lini? Jibu lilitoka kwenye karatasi. Mwaka 2007, kijana huyo asiyejulikana alipimwa Uswisi wakati alipokuwa katika kituo cha Shirikisho la Baiskeli Duniani, UCI, kilichopo Aigle. Nakala ya vipimo vile ilipatikana kwa faksi: wati 420, uzito kilo 75.6. Kwa hesabu hiyo injini ilikuwepo miaka minane nyuma. Kilichobadilika ni uzito, wati kwa kilo zikapanda kutoka 5.6 hadi 6.

Si kila aliyemshuku aliridhika, na karatasi moja haiwezi kumsafisha mtu mbele ya kila hakimu wa mitandaoni. Hata hivyo, mwaka 2015 karatasi ile iliweza kusomwa na yeyote. Haikuhitaji nenosiri, haikuhitaji kampuni iliyoitoa iwe bado hai, wala haikuhitaji mtu alipe ada ya mwezi. Kijana wa Musanze au Iten anayeanza kuandika wati zake sasa anahitaji ziweze kusomwa baada ya miaka minane. Hilo ndilo swali la kwanza kuhusu programu yoyote, na ni nadra kuulizwa dukani.

Kila soko na debe lake

Programu zinazotajwa zaidi ni chache. TrainingPeaks ndiyo inayotumiwa na makocha wengi wa kulipwa. Akaunti ya msingi ni bure, na ile kamili ni karibu dola 20 kwa mwezi. Kampuni hiyohiyo huuza WKO5, ambayo hununuliwa mara moja na kuwekwa kwenye kompyuta, na ina grafu nyingi kuliko mahitaji ya mtu wa kawaida. Strava ni maarufu kama kijiwe cha kuoneshana, na uchambuzi wake wa wati uko kwa wanaolipa. Garmin Connect huja bure kwa aliyenunua kifaa cha Garmin.

Upande wa pili kuna mbili ambazo hazidai ada. GoldenCheetah ni programu huria iliyoanza mwaka 2006. Huwekwa kwenye kompyuta, hufanya kazi bila intaneti, na faili zote hubaki kwenye kompyuta ya mwenyewe. Ni ngumu kuizoea. Mtu anayeifungua mara ya kwanza hujiona kama aliyeingia chumba cha rubani. Intervals.icu, iliyoanzishwa na mtengeneza programu wa Afrika Kusini, David Tinker, hufunguliwa kwenye kivinjari hata cha simu, na anayependa huchangia dola chache kwa mwezi. Kwa mpanda baiskeli wa ukanda huu mwenye simu na bando la kubahatisha, hii ya mwisho ndiyo inayofaa kuanza nayo. Kasoro yake ni kwamba ni kibanda kidogo: nyuma yake hakuna kampuni kubwa, na vibanda vidogo hufungwa bila tangazo refu.

Bei, hata hivyo, si jambo gumu kuliko yote. Jambo gumu ni kwamba kila moja ina debe lake. Wanaonunua viazi shambani wanaijua lumbesa: gunia moja kwa jina, kilo tofauti kabisa. Katika wati lumbesa ipo pia.

Hesabu karibu zote huanzia kwenye kizingiti, yaani wati ambazo mtu anaweza kuzishikilia kwa takriban saa moja. Wengi hukikadiria kwa kupanda dakika 20 kwa nguvu zote, kisha kuchukua asilimia 95 ya wastani. Kutoka hapo Andrew Coggan, Mmarekani mtaalamu wa fiziolojia, alitunga kipimo cha mzigo wa mazoezi ambacho saa moja kamili kwenye kizingiti ni alama 100. Programu hujumlisha alama za kila siku na kuchora mistari miwili: wastani wa takriban siku 42 zilizopita, unaochukuliwa kuwa ndiyo siha, na wastani wa takriban siku 7, unaochukuliwa kuwa ndio uchovu. Kocha hutazama pengo kati ya mistari hiyo kuamua kama mchezaji apumzike au aongeze.

Majina ya vipimo vya Coggan ni alama za biashara zinazomilikiwa na TrainingPeaks. Kwa hiyo programu nyingine huviita kwa majina yao, na baadhi hubadilisha hesabu kidogo. Mchezaji mwenye alama 85 za siha kwenye programu moja anaweza kuonekana na 78 kwenye nyingine bila mwili wake kubadilika hata chembe. Kocha anayelinganisha vijana wawili, mmoja akitumia programu ya Kampala na mwingine ya Nairobi, analinganisha gunia na lumbesa.

Halafu kuna kosa la mwenyewe. Chukua mchezaji ambaye kizingiti chake halisi ni wati 285, lakini kwenye programu bado kimeandikwa 250 cha mwaka jana. Akipanda saa moja kwa wati 250 za wastani ulio sawasawa, programu itampa alama 100 na kumwambia amechoka. Alama zake za kweli ni 77. Programu haijamdanganya, imepewa kipimo cha zamani. Baada ya miezi mitatu ya hesabu ya namna hiyo, kijana anapumzishwa wakati anapaswa kusukuma, na hakuna anayejua kwa nini hapandi chati.

Kwa hiyo katika kuchagua, alama hizi za kupendeza hazipaswi kupewa uzito mkubwa. Kinachoweza kulinganishwa kati ya programu na programu ni wati ghafi: wastani bora wa sekunde 5, dakika 1, dakika 5 na dakika 20. Mkunjo unaotokana na namba hizo, karibu kila programu huuchora, na wote huuchora karibu sawa. Mduara wa mashindano ya Kigali ulikuwa wa kilomita 15.1, wenye mlima mfupi wa upande wa uwanja wa gofu na ule wa Kimihurura uliotandikwa mawe. Milima ya namna hiyo huamuliwa na nguvu za dakika chache, zinazorudiwa mara kumi na zaidi. Mtu anayetazama mkunjo wa dakika 3 mwanzoni mwa mbio na tena baada ya saa nne anajifunza zaidi kuliko anayesoma alama moja ya siha. GoldenCheetah na WKO5 hufanya kazi hiyo vizuri. Ukurasa wa mbele wa Strava haukutengenezwa kwa ajili hiyo.

Siku milango ilipofungwa

Julai 23, 2020, huduma za Garmin zilizimika duniani kote. Wadukuzi walikuwa wamefunga mifumo ya kampuni kwa programu ya kudai kikombozi. Kwa siku kadhaa watumiaji hawakuweza kuona mazoezi yao kwenye simu. Lakini aliyekuwa na waya wa USB aliweza kuchomeka kifaa kwenye kompyuta, akakuta faili zake zote zimekaa humo, akazipeleka kwenye programu nyingine. Aliyekuwa amezoea simu tu alisubiri.

Novemba 2024 mlango mwingine ulibanwa. Strava ilibadilisha masharti kwa programu nyingine zinazopokea takwimu kutoka kwake: takwimu za mtumiaji zioneshwe kwa mtumiaji huyohuyo pekee, na zisitumike kufundishia akili bandia. Strava ilieleza kwamba inalinda faragha, na hoja hiyo ina uzito wake. Matokeo yake kwa makocha yalikuwa mengine. Wapo waliokuwa wakipokea kazi za wachezaji wao kupitia Strava kwenda kwenye programu ya uchambuzi, na njia hiyo ikawa haifai tena. Ilibidi mchezaji aunganishe kifaa chake na programu ya kocha moja kwa moja, kama kifaa kinaruhusu.

Anayefanya biashara mpakani ataona sura ya jambo hili haraka. Njia ya Strava ilikuwa kama kupitisha mzigo kwenye ghala la mtu mwingine. Ni rahisi mpaka siku mwenye ghala anapobadili masharti. Faili asilia, lile linaloandikwa na kompyuta ya baiskeli yenyewe, ni kama mzigo ukiwa na karatasi zake. Faili hilo kwa kawaida huwa la muundo unaoitwa FIT, uliotungwa na kampuni ya Dynastream iliyo chini ya Garmin, na sasa husomwa na karibu kila programu iliyotajwa hapa. Ni kitu cha ajabu kidogo kwamba karatasi inayokubalika katika kila mpaka imetoka kwa mmoja wa wagombanao. Lakini ndivyo ilivyo, na ndiyo maana ya kulishika mkononi.

Kipimo cha programu nzuri basi kinakuwa kigumu kidogo kwa muuzaji na rahisi kwa mnunuzi: je, faili asilia linaweza kuingizwa kwa mkono, na je, linaweza kutolewa tena likiwa zima? Garmin Connect inaruhusu kupakua faili asilia la kila zoezi. Strava ina njia ya kuomba kumbukumbu zote za akaunti kwa pamoja. Intervals.icu hutoa faili asilia. GoldenCheetah haina cha kutoa, kwa sababu faili liko kwenye kompyuta tangu mwanzo. Zipo programu ndogo za simu, hasa zinazokuja na vipima wati vya bei ya chini, ambazo huonesha grafu nzuri zenye rangi na haziruhusu faili litoke. Hizo hazifai hata kama ni za bure.

Mizani mbovu haiponywi na daftari

Kuna jambo ambalo programu yoyote, ya bure au ya dola 20, haiwezi kulirekebisha. Watengenezaji wengi hudai kipima wati chao hakikosei zaidi ya asilimia 1 au 2. Hiyo ni kama kimerudishwa sifuri kabla ya safari, kama mizani ya sokoni inavyopaswa kuanzia kwenye sifuri kabla nyama haijawekwa. Chuma hubadilika na joto. Mtu anayeanza safari mlimani asubuhi yenye baridi na kushuka bondeni mchana bila kurudisha sifuri amebeba mizani iliyohama.

Kijana wa kilo 60 anayesukuma wati 300 ana wati 5 kwa kilo. Kifaa kikizidisha kwa asilimia 3, kitaandika 309, na wati kwa kilo zitakuwa 5.15. Pengo hilo dogo linatosha kumtoa mtu kwenye orodha ya wanaopuuzwa na kumtia kwenye orodha ya wanaopigiwa simu. Likigunduliwa baadaye, kinachoharibika ni jina lake, na pengine jina la klabu nzima iliyomtuma. Kifaa cha mguu mmoja kina mtego wa ziada: ambaye mguu wa kushoto una nguvu kuliko wa kulia anaonekana simba, na kinyume chake anaonekana mnyonge, bila yeye kufanya udanganyifu wowote.

Mwinuko nao una hesabu yake. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Iten karibu 2,400. Hewa ikiwa nyepesi, wati za muda mrefu hupungua kwa asilimia kadhaa, hata kwa wazawa. Kijana wa Iten akituma dakika zake 20 bila kutaja mwinuko, anayesoma faili Ubelgiji atamweka chini ya kijana wa Mombasa ambaye hamfikii. Faili lenyewe hubeba mwinuko kama kompyuta ya baiskeli inaupima, na hiyo ni sababu nyingine ya kutuma faili zima badala ya picha ya simu yenye namba moja iliyozungushiwa duara jekundu.

Akaunti ya nani?

Kutoka hapa biashara inaingia katika sheria. Wati zikiambatana na uzito, mapigo ya moyo na mahali mtu alipopita, zinakuwa taarifa binafsi, na baadhi yake zinaweza kuhesabiwa kuwa za afya. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Sheria za Kenya na Rwanda zinampa mwenye taarifa haki ya kuzipata katika muundo unaosomeka na mashine ili azihamishie kwingine. Ya Rwanda inataka pia taarifa binafsi zihifadhiwe ndani ya nchi, isipokuwa mhusika ana kibali cha mamlaka cha kuzihifadhi nje. Jumuiya ya Afrika Mashariki haina sheria moja ya jambo hili inayofunga nchi zote. Mzigo wa mahindi unajua taratibu za Rusumo na Namanga. Faili la wati linalotoka kwa mchezaji wa Rwanda kwenda kwa kocha wa Kenya, huku limehifadhiwa kwenye mashine zilizoko Marekani, halina kituo cha pamoja cha mpakani.

Hakuna dalili kwamba maofisa watamfuata kijana wa klabu kwa sababu ya faili zake. Anayepaswa kuwa na wasiwasi ni yule anayekusanya za wengi: klabu, kocha, na duka. Hapa kuna tabia ambayo imezoeleka katika kuuza vifaa vya umeme na simu, na inaweza kuhamia kwenye vipima wati bila mtu kufikiri. Mteja hana barua pepe, au amesahau nenosiri. Muuzaji, kwa nia njema, anafungua akaunti kwa barua pepe ya duka. Kifaa kinafanya kazi, mteja anaondoka akiwa na furaha. Miaka miwili baadaye mteja anahitaji kumbukumbu zake, duka limehamia mji mwingine, simu ya aliyefungua akaunti imeibiwa. Miaka miwili ya jasho imefungiwa ndani ya barua pepe ambayo hakuna anayeifungua.

Kwa muuzaji hilo ni hasara pia, hata asipoiona kwenye hesabu ya mwezi. Kipima wati si bidhaa ya kuuzwa mara moja na kusahauliwa. Kinahitaji betri, vifuniko, kurudi kwa fundi. Hakina nafuu ya cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa, kile kinachowasaidia wenye mizigo isiyozidi dola 2,000 kuvuka na bidhaa za ukanda huu, kwa kuwa vifaa hivi vinatengenezwa nje ya Jumuiya. Ushuru ni wa kawaida, na faida kwa kila kimoja haiwezi kuwa kubwa kwa soko dogo hivi. Mteja anayerudi ndiye anayelipa nauli ya kwenda kuleta kingine. Mteja aliyepoteza daftari lake harudi, na klabu nzima husikia kwa nini.

Malipo ya programu yana usumbufu wake. Ada za TrainingPeaks na Strava hutozwa kwa kadi, na kwa wengi wenye fedha kwenye simu hiyo inamaanisha kadi ya mtandaoni ya benki au ya mtandao wa simu, na gharama ya kubadili shilingi au faranga kuwa dola kila mwezi. Dola 20 kwa miezi kumi na miwili ni 240. Kwa fedha hizo klabu ya watu watano inakaribia bei ya kompyuta iliyotumika ya kuwekea GoldenCheetah, ambayo wote watano wataitumia bila kulipa tena. Kama kocha wa nje anasisitiza TrainingPeaks, akaunti ya bure inatosha kumpelekea faili, na mchezaji akabaki na nakala zake. Kulipia akaunti kamili kuna maana pale tu kocha anapoandika mazoezi humo kila wiki na mchezaji anayafuata kweli.

Mnunuzi mwenye nusu saa dukani anaweza kumaliza mabishano yote haya kabla hajatoa fedha. Afungue barua pepe yake mwenyewe kwenye simu yake mwenyewe. Kifaa kifungwe kwenye baiskeli, kirudishwe sifuri, na apande dakika kumi kwenye barabara iliyo karibu, ikiwezekana yenye kilima. Akirudi, faili litolewe kwenye kompyuta ya baiskeli kwa waya, liingizwe kwenye programu anayopendekeza muuzaji, kisha litolewe tena na kufunguliwa kwenye nyingine. Wastani wa wati ukiwa sawa pande zote mbili, na mkunjo ukiwa mmoja, nakala ya kwanza iwekwe kwenye kadi ya kumbukumbu ya mteja, ikiwa na tarehe na uzito wake wa siku hiyo.